Dodgers bingwa 2024: Yankees wamejifunga wenyewe au wamezidiwa? Na msimu ujao tusajili nani?

#1 Mwana_Inglewood (31 Oktoba 2024)
Wakuu, Dodgers ndio mabingwa. World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, imeisha 4-1, na mechi ya tano tumewapiga Yankees 7-6 kwao Bronx baada ya kutanguliwa 5-0. Tangu mechi iishe, kila ninayeongea naye ananiambia Yankees wamejifunga wenyewe kwenye inningi (zamu ya kupiga) ya tano. Nakataa. Makosa matatu yalitokea, sawa, lakini kosa la mpinzani halikuingizi nyumbani kama huna mtu wa kupiga. Cole, mrushaji wao, alishawatoa Lux na Ohtani wetu kwa strikauti (kushindwa kupiga mara tatu) huku besi zote zimejaa, akabakiza aut moja tu, yaani kumtoa mpigaji mmoja, atoke salama. Betts akakimbia besi ya kwanza kwa nguvu zake zote, Freeman akapiga hiti (pigo safi) ya mikimbio, yaani pointi, miwili, Teoscar Hernández akapiga dabo (pigo la kufika besi ya pili) ya miwili mingine. Hapo nani kajifunga?

Hoja ya pili: msimu ujao tusimguse Juan Soto, mpigaji nyota wa Yankees. Fedha zote ziende kwa warushaji. Tumebeba kombe tukiwa na warushaji watatu tu wa kuanza mechi, na jambo hilo halitajirudia kirahisi. Karibuni tujadili.

#2 KijanaWaBronx
Hongereni, mmelipata. Ila mleta uzi umepita haraka sana mahali panapotuuma. Aaron Judge wetu aliangusha mpira uliopigwa na Edman ambao mtoto wa sekondari anaudaka. Volpe akautupa chini mpira wa besi ya tatu, Chisholm hakuuweza. Halafu Cole akamnyooshea Rizzo kidole badala ya kukimbia kwenda besi ya kwanza. Mikimbio yote mitano aliyofungwa Cole imeandikwa kuwa ya makosa, haihesabiwi kwenye wastani wake. Hayo ni maandishi rasmi ya mechi, si majonzi yangu.

#3 Mama_Naila
Pole kaka wa Bronx. Mimi niko Columbus, sina timu kati ya hizo mbili, ila nimeiangalia yote. Kwa macho yangu Yankees walichoka kichwa, si miguu.

#4 Mtakwimu_Arusha
Rekebisho kwa #1: makosa yaliyoandikwa inningi ile ni mawili, la Judge na la Volpe. La Cole kutokwenda besi ya kwanza haliandikwi kuwa kosa, Betts alipewa hiti. Kwa hiyo ukisema matatu, unasema kwa macho, si kwa karatasi. Na #2 yuko sahihi kuhusu mikimbio mitano.

#5 Mzee_wa_Tandika
Wakuu mimi mgeni kwenye mchezo huu, kijana wangu ndiye kaniingiza. Mechi ilianza saa tisa usiku kwa saa zetu, nikavumilia mpaka Stanton alipoufanya uwe 5-0, nikalala. Naamka nakuta Dodgers bingwa. Naomba mtu anieleze taratibu: huyo Cole ni mrushaji, besi ya kwanza inamhusu nini wakati kuna mlinzi wake pale?

#6 Mwana_Inglewood
Shikamoo mzee. Mpira wa Betts ulikwenda taratibu, ukiwa na mzunguko mbaya, upande wa Rizzo ambaye ndiye mlinzi wa besi ya kwanza. Rizzo alilazimika kutoka kwenye besi yake kwenda kuusubiri. Hapo besi inabaki wazi. Kwa hiyo kila mpira unaopigwa upande wa kulia, mrushaji anatakiwa aanze kukimbia kuelekea besi ya kwanza palepale, bila kujiuliza, ili apokee pasi kama mlinzi amekwenda mbali. Wanafundishwa hivyo tangu watoto, na kila Februari kwenye kambi ya mazoezi wanarudia zoezi hilo mpaka wanachoka. Cole alianza vizuri, akasimama. Rizzo naye akabaki kuusubiri mpira badala ya kuukimbilia. Betts akawashinda wote wawili kwa mbio. Kama wangemtoa, inningi inaisha 5-0.

#7 Mzee_wa_Tandika
Marahaba. Nimeelewa. Basi nami naungana na wa Bronx, hiyo ni zawadi.

#8 Sharifu_wa_Mombasa
Yakhe, zawadi gani? Kila mtu anazungumzia inningi ya tano kana kwamba mechi iliishia pale. Yankees waliongoza tena 6-5 inningi ya sita! Dodgers wakarudi tena ya nane: Kiké Hernández hiti, Edman hiti, Smith akapewa besi kwa mipira minne mibaya, Lux akapiga mpira wa juu akaingiza mmoja, Betts akapiga mwingine wa juu akaingiza wa saba. Hakuna aliyeangusha chochote.

#9 Mtakwimu_Arusha
Kuna kimoja hapo katikati umekiruka: Ohtani alipewa besi kwa sababu gongo lake liligonga glavu ya mdakaji Austin Wells. Hiyo nayo ni rasmi, na ndiyo iliyojaza besi kabla ya Betts.

#10 KijanaWaBronx
Asante Mtakwimu, wewe ndiye ndugu yangu pekee humu.

#11 Fundi_Ohio
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni fedha. Ohtani analipwa milioni 70 za dola kwa mwaka, Yamamoto kapewa milioni 325, Betts, Freeman, Glasnow. Nipe mimi hizo fedha nikuletee kombe hapa Cleveland.

#12 Mwana_Inglewood
Ohtani hachukui milioni 70 kwa mwaka. Mkataba ni milioni 700 kwa miaka 10, ila 680 kati ya hizo zimeahirishwa, atalipwa kuanzia 2034 hadi 2043. Sasa hivi anachukua milioni 2 kwa mwaka. Mwenyewe ndiye aliyependekeza hivyo, ili timu ibaki na nafasi ya kusajili wengine.

#13 Fundi_Ohio
Basi ndiyo umezidi kuniunga mkono. Nani mwingine anaweza kuahirisha milioni 680?

#14 Dada_Minneapolis
Kaka Fundi, kama ni fedha tu, waliotumia nyingi zaidi kwa mishahara 2024 ni Mets, na tuliwatoa 4-2. Yankees nao si masikini, Cole peke yake ana mkataba wa milioni 324. Na Dodgers walikuwa na fedha hizohizo 2022 waliposhinda mechi 111 za msimu wa kawaida, Padres wakawatoa mapema. 2023 wakashinda 100, Arizona wakawafagia 3-0. Fedha zilikuwa wapi?

Nikuambie kilichobadilika: safari hii walisajili watu wa kujaza mapengo. Edman aliletwa Julai kutoka St. Louis akiwa bado anauguza jeraha, akaja kuwa mchezaji bora wa mfululizo dhidi ya Mets. Kopech alikuja kwenye dili lilelile. Flaherty alitoka Detroit mwezi huohuo. Hao si majina ya kuuzia jezi.

#15 Bwana_Bulpeni
Mimi nina jibu tofauti na wote. Kombe hili ni la bulpeni (warushaji wa akiba) na la kocha wetu Dave Roberts, mtu ambaye miaka yote humu jukwaani tunamtukana. Rudini kwenye mfululizo wa mtoano dhidi ya Padres. Tuko nyuma 2-1, mechi ya nne ugenini San Diego, hatuna mrushaji wa kuanza. Roberts akatumia warushaji wanane kwa zamu, tukashinda 8-0. Mechi ya tano Yamamoto na bulpeni wakashinda 2-0. Padres hawakupata mkimbio hata mmoja kwenye inningi 24 za mwisho. Mfululizo wa sifuri ukaenda mpaka kwa Mets, ukafika inningi 33, sawa na rekodi ya Baltimore ya 1966.

Na juzi? Inningi ya nane, Judge kapiga dabo, Chisholm kapewa besi, mrushaji wetu Treinen ameshachoka. Roberts akaenda kilimani, akamwekea mikono kifuani, akamuuliza yukoje, akamwacha. Stanton mpira wa juu, Rizzo strikauti. Halafu ya tisa akamleta Walker Buehler, aliyekuwa ameanza mechi ya tatu tarehe 28! Watatu wakaja, watatu wakatoka.

#16 Mama_Naila
Hiyo ya Treinen niliacha kupumua. Kweli kabisa.

#17 Simba_damu
Wote mnakosea, World Series iliisha siku ya kwanza. Freeman, kifundo cha mguu kimeteguka, aut mbili, inningi ya kumi, besi zote zimejaa, mpira wa kwanza wa mrushaji wao Nestor Cortes, grandi slamu (homurani ya mikimbio minne)! Timu ikifanyiwa hivyo hairudi. Freeman kavunja rekodi ya mikimbio iliyoingizwa na mtu mmoja, 12. Na huyo wa Bronx asitusumbue, mimi chochote kinachoanza na "Yan" sikihurumii.

#18 KijanaWaBronx
Nilijua tu utani wa Simba na Yanga utafika mpaka huku 😂

#19 Mtakwimu_Arusha
Hakuivunja, kaifikia. Bobby Richardson wa Yankees aliingiza 12 mwaka 1960, kwenye mechi saba, na timu yake ikapoteza. Freeman kafanya kwa mechi tano. Iliyo yake peke yake ni homurani (pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja) kwenye mechi sita mfululizo za World Series: mbili za mwisho za 2021 akiwa Atlanta na nne za mwanzo za mwaka huu. Na grandi slamu ya kumaliza mechi haijawahi kutokea kabla kwenye World Series.

Kuhusu Cortes: hakuwa amerusha mechi tangu katikati ya Septemba, alikuwa majeruhi. Kumleta yeye kwa Ohtani na Freeman ni uamuzi wa kocha Boone. Kwa hiyo hata hiyo mechi ya kwanza, unaweza kusema ni Freeman au unaweza kusema ni Boone.

#20 KijanaWaBronx
Ongeza na Judge. Mtoano mzima kapiga wastani wa .184, yaani hiti chini ya mbili kwa kila majaribio kumi. Mchezaji bora wetu hakuwepo mpaka mechi ya tano.

#21 Dada_Minneapolis
Na Ohtani? Alitegua bega mechi ya pili, World Series nzima kapata hiti 2 kati ya 19. Huyu ni mtu aliyemaliza msimu na homurani 54 na besi za kuiba 59. Kila timu ilikosa nyota wake, moja ikaziba pengo, nyingine haikuziba. Narudi palepale, kina cha kikosi.

#22 Sharifu_wa_Mombasa
Wa Bronx, mashabiki wenu wawili walimng'ang'ania Betts glavu mechi ya nne wakitaka kumnyang'anya mpira, na bado hamkupata kombe. Hata mashabiki mnacheza!

#23 KijanaWaBronx
Wale walitolewa uwanjani na mechi ya tano hawakuruhusiwa. Na mechi hiyo tulishinda 11-4, usisahau.

#24 Babu_Kershaw
Wajukuu, naomba kutoka nje ya mada kidogo. Fernando Valenzuela, mrushaji wetu wa zamani, amefariki tarehe 22 Oktoba, siku tatu kabla ya World Series kuanza. Mwaka 1981 alikuwa na umri wa miaka 20 tu, akashinda mechi zake nane za kwanza, na Los Angeles nzima ya watu wa Mexico ikahamia uwanjani. Waliofukuzwa kwenye nyumba zao Chavez Ravine kabla ya uwanja kujengwa walikuwa na haki ya kuichukia timu hii daima, na yeye ndiye aliyewarudisha wengi wao. Kombe hili kwangu ni lake kwanza.

#25 Mwana_Inglewood
Amina babu. Na ni timu hiyohiyo ya Jackie Robinson, aliyefungua ligi kuu kwa wachezaji weusi, Brooklyn 1947. Kila tarehe 15 Aprili ligi nzima inavaa namba yake, 42. Sisi Waafrika tunaoifuata Dodgers wengi tumeingilia mlango huo.

#26 Muganda_Halisi
Mimi niliingilia mlango mwingine. Dodgers walisajili vijana wawili wa Uganda mwaka 2022, Umar Male na Ben Serunkuma. David Matoma, mrushaji, yuko na Pittsburgh kwenye timu zao za vijana. Dennis Kasumba, mdakaji yule wa video za mazoezi kwa matairi, alikwenda kucheza Frederick, Maryland mwaka 2023. Kwetu mchezo huu si wa kuutazama kwenye simu tu.

#27 Mzee_wa_Tandika
Uganda wanacheza besiboli? Tangu lini?

#28 Muganda_Halisi
Mzee, timu ya watoto wa Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza kombe la dunia la Little League kule Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012, na iliifunga timu ya Oregon 3-2. Ila ya 2011 ndiyo inayoniuma mpaka leo. Timu ya Kampala ilifuzu ikanyimwa viza kwa sababu ya vyeti vya kuzaliwa. Watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wacheze nao, walifunga safari Januari 2012 wakaja Uganda wenyewe ili mechi ichezwe.

#29 Dada_Minneapolis
Wakanada wamenifurahisha sana. Sikuwahi kuisikia hii.

#30 Mtakwimu_Arusha
Tanzania nayo ipo, mzee. Nenda Azania Sekondari pale Upanga, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani, na mashindano ya shule wanayaita Tanzania Koshien, kwa kufuata mashindano makubwa ya shule za Japani. Mpeleke kijana.

#31 Mzee_wa_Tandika
Nitampeleka. Asanteni.

#32 Mwana_Inglewood (8 Novemba)
Turudi kwenye usajili. Hesabu yangu ya warushaji wa kuanza 2025: Yamamoto mzima. Glasnow kiwiko kilimtoa tangu Agosti. Gavin Stone amefanyiwa upasuaji wa bega, msimu ujao hayupo. River Ryan na Kyle Hurt upasuaji wa kiwiko. Kershaw upasuaji wa mguu. Dustin May na Gonsolin wanarudi lakini hawajarusha muda mrefu. Buehler na Flaherty mikataba imeisha. Ohtani kafanyiwa upasuaji wa bega la kushoto, namshukuru Mungu si mkono anaorushia, ila Aprili hatakuwa tayari kurusha. Na hapo mtu ananiambia tumlete Soto! Kununua masufuria wakati ndani hakuna unga.

#33 Fundi_Ohio
Soto ana miaka 26. Mpigaji wa aina ile haji sokoni akiwa na umri huo. Warushaji mtawanunua halafu watavunjika kama hao uliowaorodhesha. Mpigaji anacheza mechi 157 kwa mwaka. Wewe chagua.

#34 Bwana_Bulpeni
Swali ambalo hamjaliuliza: kwa nini warushaji wetu ndio wanaovunjika? Timu nyingine hazina orodha ndefu hivi.

#35 Babu_Kershaw
Wanarusha kwa nguvu zote kila mpira. Zamani mrushaji alijua atacheza inningi saba au nane, akaweka akiba. Sasa anaambiwa toa kilomita 160 kwa saa kwa inningi tano, wengine wataendelea.

#36 Dada_Minneapolis
Babu, hilo liko ligi nzima, si Dodgers peke yao. Nadhani ni aina ya watu wanaowasajili. Glasnow walimchukua wakijua historia yake, inningi 134 za mwaka huu ndizo nyingi kuliko zote maishani mwake. Wananunua kipaji kilichopasuka kwa bei nafuu, wanategemea kukitumia Oktoba.

#37 Sharifu_wa_Mombasa
Bei nafuu ya Dodgers mimi naijengea ghorofa Nyali.

#38 Mama_Naila
Mimi nasema arudishwe Teoscar kwanza. Homurani 33, na mtu wa furaha. Timu inahitaji mtu wa furaha.

#39 Mwana_Inglewood
Naunga mkono, dada. Na Kiké pia, huyo Oktoba anageuka mtu mwingine.

#40 Bwana_Bulpeni (30 Novemba)
Wakuu! Mrushaji Blake Snell kasaini miaka mitano, milioni 182. Tuzo mbili za Cy Young (mrushaji bora wa mwaka), Tampa 2018 na San Diego 2023. Agosti mwaka huu aliwanyima Cincinnati hiti mechi nzima akiwa na Giants. Na Edman kaongezewa miaka mitano, milioni 74. Mleta uzi wamekusikia.

#41 Mtakwimu_Arusha
Snell huyu ndiye wa mechi ya sita ya World Series 2020, akiwa Tampa. Alikuwa anatuua, mipira 73 tu, kocha Cash akamtoa, Betts akapiga dabo dhidi ya aliyefuata na kombe likaja kwetu. Sasa wako chumba kimoja.

#42 Simba_damu
Subiri, kombe la mwisho kabla ya hili si 1988?

#43 Mtakwimu_Arusha
2020, msimu uliofupishwa kuwa mechi 60 kwa sababu ya korona. 1988 ni la kabla ya hapo. Jumla pamoja na hili la 2024 ni makombe manane.

#44 Simba_damu
La mechi 60 mimi siliandiki.

#45 Babu_Kershaw
Ukiwa na Kershaw miaka yote ile, unaliandika kwa wino mwekundu.

#46 Fundi_Ohio (Desemba)
Soto kaenda Mets. Milioni 765, miaka 15. Haya, sasa semeni Dodgers ndio wanaoharibu mchezo kwa fedha.

#47 Mwana_Inglewood
Kaka, aliyesema fedha ni wewe, #11.

#48 KijanaWaBronx
Mimi naomba mniache wiki moja.

#49 Mama_Naila
Na Buehler kaenda Boston mwaka mmoja, zaidi ya milioni 21. Aliyefunga mechi ya mwisho dhidi ya Yankees, anakwenda Boston. Naona watu wa Boston watampenda kabla hajarusha mpira.

#50 Bwana_Bulpeni
Kuhusu ubishi wa #34: ligi yenyewe imetoa ripoti Desemba hii juu ya majeraha ya warushaji. Wanalaumu mbio za kutafuta kasi na mizunguko mikali, na mazoezi ya nguvu hata wakati wa mapumziko. Babu alikaribia.

#51 Dada_Minneapolis
Nayo haielezi kwa nini sisi tumezidi. Bado nasimama na hoja yangu ya usajili.

#52 Mwana_Inglewood (18 Januari 2025)
Mrushaji wa Japani Roki Sasaki ametangaza: Dodgers! Miaka 23. Mwaka 2022 akiwa Chiba Lotte alirusha mechi kamilifu, wapigaji 27 wakaja na 27 wakatoka, 19 kati yao kwa strikauti.

#53 Fundi_Ohio
Kwa milioni ngapi mia?

#54 Mtakwimu_Arusha
Milioni 6.5 za kusaini. Sheria inasema mchezaji wa nje ambaye hajafika miaka 25 anaingia kwa mkataba wa ligi ndogo, na bonasi inatoka kwenye fungu lenye kikomo ambalo kila timu inalo. Angengoja miaka miwili angepata mamia ya milioni. Kwa hiyo hapa Cleveland yako ilikuwa na nafasi ileile, Fundi. Timu zote 30 zilikuwa nayo.

#55 Fundi_Ohio
Kwenye karatasi. Kijana anataka kuwa na Ohtani na Yamamoto, hilo fungu la kikomo halilipimi.

#56 Sharifu_wa_Mombasa
Hapo Fundi kasema neno.

#57 Muganda_Halisi
Habari njema kwa walioko nyumbani: msimu unafunguliwa Tokyo tarehe 18 na 19 Machi, Dodgers na Cubs. Mpira wa kwanza ni saa moja na dakika kumi jioni kule, yaani saa saba na dakika kumi mchana kwetu. Nani aanze? Mimi nasema Yamamoto ya kwanza, Sasaki ya pili.

#58 Babu_Kershaw
Sasaki asiharakishwe. Kule alikuwa akirusha mara moja kwa wiki.

#59 Mama_Naila
Wakuu, Teoscar amerudi, miaka mitatu, milioni 66! Lakini Lux kauzwa Cincinnati, na timu inasema Betts atacheza shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu). Mimi hili linanitisha. Mwaka jana walimweka pale, mkono ukavunjwa na mpira Juni, akarudi Agosti wakamhamishia uwanja wa nje. Ana miaka 32.

#60 Dada_Minneapolis
Mkono haukuvunjika kwa kucheza shotistopu, dada, ulivunjika akiwa anapiga. Na amefanya mazoezi ya nafasi hiyo majira yote ya baridi. Wasiwasi wangu mimi ni besi ya pili. Hyeseong Kim kutoka Korea ana mbio na mikono mizuri, lakini gongo lake bado silijui.

#61 Simba_damu
Edman acheze pale, Pages acheze katikati nje. Imeisha.

#62 Bwana_Bulpeni
Haijaisha, Pages alipoteza nafasi yake mwaka jana kwa sababu ya ulinzi. Na mimi nina furaha yangu tofauti: mrushaji Tanner Scott miaka minne, milioni 72. Mnakumbuka alivyomtesa Ohtani kwenye mfululizo wa Padres? Strikauti tatu. Sasa nambieni, ya tisa anafunga Scott au Treinen?

#63 KijanaWaBronx
Treinen. Niliyaona yale kwa macho yangu.

#64 Babu_Kershaw
Scott. Treinen muacheni inningi ya nane, palipo na moto.